SOMO LA KOMPYUTA: Mkfs au Newfs? Tuchague Zana Kabla ya Kuilima Diski

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kuwasha kompyuta yenye Linux, kuandika amri kwa kibodi, na kutunza nakala za kumbukumbu za vikundi vyetu. Leo tunaingia kwenye jambo ambalo wengi hulipita mbio. Hata sisi tulilipita mbio, nalo likatugharimu. Jambo lenyewe ni hili: ukipata diski mpya, au ya zamani unayotaka kuitumia upya, utaitayarisha kwa zana gani?

Mwisho wa somo hili msomaji aweze:

(a) kueleza mfumo wa mafaili ni nini;
(b) kutofautisha mkfs, newfs na ndugu zao;
(c) kuchagua zana inayofaa kazi iliyo mbele yake;
(d) kufanya kazi hiyo bila kuharibu mali ya wengine.

1. Yaliyotupata sisi

Kituo chetu cha kompyuta kilikuwa kinatunza daftari la kikundi kimoja cha mfereji. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanachama, michango ya saruji na ya kuzibua mfereji, na zamu za maji za misimu 3. Kila kitu kilikuwa kwenye diski moja ya kuchomeka. Tukasema hapana, nakala moja siyo nakala. Tukanunua diski ya pili, ya aina ile ile na ukubwa ule ule, ili tuweke nakala ya pili.

Tulichomeka diski zote 2. Tukaangalia majina, tukaandika kwenye karatasi: diski mpya ni sdb. Kabla hatujaanza, stima ikapotea, kama mnavyoijua. Iliporudi tukawasha kompyuta na kuendelea tulipoishia. Mmoja wetu akaandika amri ya mkfs.vfat kwa sdb1, maana tulitaka diski mpya isomeke kwenye kompyuta yoyote. Amri ikamalizika kwa muda mfupi sana, bila kuuliza chochote. Tukafurahi.

Kumbe kompyuta ilipowaka mara ya pili, majina yalikuwa yamebadilishana. Sdb ilikuwa diski ya zamani, ile yenye daftari. Tuliifuta diski iliyokuwa na nakala pekee, siku ile ile tuliyokusudia kutengeneza ya pili.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Mama mmoja aliyekuwa amelipa misimu yote 3 alisimama akauliza kama pesa zake zimeliwa na kompyuta. Hatukuwa na jibu. Kilichotuokoa ni mweka hazina wa zamani, ambaye hakuwahi kuiamini kompyuta na alikuwa bado anaandika kwenye daftari lake la shule. Kwa daftari lile, na kwa risiti za wanachama, tulijenga hesabu upya kwa wiki kadhaa. Hata hivyo msimu mmoja haukupatikana wote, na wako waliolipa ambao hatukuweza kuwathibitishia.

Wengi walisema kosa ni la stima. Hapana. Tulipokaa chini tukaona makosa yetu yalikuwa 3: tuliliamini jina linalobadilika, tulichomeka diski 2 kwa pamoja, na tulichagua zana isiyouliza. Majuto ni mjukuu. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

2. Mfumo wa mafaili ni nini?

Diski mpya ni kama shamba ambalo halijalimwa. Ardhi ipo, lakini hakuna mifereji, hakuna mistari, hakuna anayejua ndizi zitapandwa wapi na mahindi wapi. Ukifungulia maji hivyo hivyo yatatawanyika.

Kwanza unagawa shamba katika vipande. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na fdisk au parted. Kwenye FreeBSD hufanywa na gpart. Kisha ndani ya kila kipande unapima mistari, unachimba mifereji na kufungua daftari la kueleza kila mche uko wapi. Mpangilio huo ndio tunaouita mfumo wa mafaili. Zana zinazoutengeneza ndizo somo letu leo.

Ndani ya mfumo wa mafaili wa Unix kuna vitu 3 vya kukumbuka:

- Ukurasa wa kwanza, unaoeleza ukubwa wa kipande na mpangilio wake. Mafundi huuita supabloku. Ukiharibika, kompyuta haijui pa kuanzia, ndiyo maana nakala zake huwekwa sehemu mbalimbali za diski.
- Kadi za mafaili, ziitwazo inodi. Kila faili lina kadi moja inayosema ni la nani, lina ukubwa gani na liko wapi. Kadi zikiisha huwezi kuandika faili jipya, hata kama nafasi bado ipo.
- Mabloku, yaani vitalu vyenyewe ambamo maandishi na picha hukaa.

Zingatieni jambo moja. Kutengeneza mfumo mpya hakufuti diski nzima. Mara nyingi zana huandika daftari jipya juu ya lile la zamani, na mazao ya zamani hubaki ardhini bila mwenyewe. Ndiyo maana kazi humalizika haraka hata kwa diski kubwa. Na ndiyo maana ukimpa mtu diski yenye kumbukumbu za zahanati au za ofisi ya parokia, usidhani mkfs imekufichia siri.

3. Kwa nini kuna majina mengi?

Mtu akianza kujifunza huuliza: kazi ni moja, mbona wengine wanaandika mkfs na wengine newfs? Jibu liko katika historia.

Unix za mwanzo zilikuwa na mkfs. Zana hii ilimtaka fundi aitajie mambo mengi mwenyewe, na alilazimika kuijua diski yake vizuri. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa Unix iliyoitwa 4.2BSD. Hiyo ilikuja na mfumo mpya wa mafaili wenye kasi, kazi ya Marshall Kirk McKusick na wenzake. Pamoja nao ikaja newfs. Kazi ya newfs ilikuwa kumrahisishia fundi: ilisoma maelezo ya diski katika faili liitwalo /etc/disktab, ikapiga hesabu yenyewe, kisha ikaiita mkfs na kuipa majibu. Fundi alitaja diski tu.

Baadaye njia zikatengana. Upande wa BSD, yaani FreeBSD, OpenBSD na NetBSD, newfs iliimeza mkfs ikawa zana moja. Ukiandika mkfs kwenye FreeBSD ya kawaida utaambiwa amri hiyo haipo. Solaris ilibaki na zote 2, newfs ikiwa mbele na mkfs nyuma yake. Linux nayo ilichukua jina la mkfs na kuligeuza kuwa dalali.

Tunasema dalali kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake hasa. Siku za soko hapa Taveta, Jumatano na Jumamosi, mnunuzi kutoka Mombasa hamjui kila mkulima wa ndizi. Anamwambia dalali aina anayotaka, na dalali anamwita mwenye mali. Ukiandika mkfs -t ext4, mkfs haitengenezi chochote yenyewe. Inaiita mkfs.ext4. Ukiandika mkfs -t xfs, inaiita mkfs.xfs. Usipotaja aina itachukua ext2, mfumo wa mwaka 1993 usio na daftari la tahadhari. Watunzaji wa mkfs wenyewe sasa wanashauri tumwendee mkulima moja kwa moja, tuandike mkfs.ext4 na siyo mkfs -t ext4.

Huku kwetu Afrika Mashariki utakutana na mafundi wa aina zote 2. Wengi wa wanaoendesha mitandao walipitia warsha za AfNOG, umoja wa waendeshaji mitandao wa Afrika. Warsha hizo zilianza mwaka 2000, zikafika Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, na kwa miaka mingi zilifundisha kwa FreeBSD. Fundi aliyetoka huko mkono wake huandika newfs. Kijana aliyejifunza kwa Ubuntu mkono wake huandika mkfs. Wote wako sawa, ila kila mmoja awe kwenye kompyuta yake.

4. Zana zenyewe, moja moja

*mkfs.ext4.* Hii ndiyo ya kazi za kila siku kwenye Linux. Jina lake la ndani ni mke2fs, mkfs.ext2, mkfs.ext3 na mkfs.ext4 ni majina tofauti ya zana hiyo hiyo. Mfumo wa ext4 una daftari la tahadhari: kabla ya kubadilisha mpangilio, huandika kwanza anachotaka kufanya, ili stima ikikatika katikati aweze kurudi na kumalizia. Tena zana hii huangalia kama mna kitu. Matoleo ya miaka hii yakikuta mfumo mwingine kwenye kipande hukuambia ni wa aina gani na una lebo gani, kisha huuliza kama uendelee. Ukibonyeza Enter tu, jibu huhesabiwa kuwa hapana. Ila ukiiweka ndani ya skripti inayojiendesha yenyewe, haiulizi.

*mkfs.xfs.* Mfumo huu ulizaliwa kwa kampuni ya SGI na ukaingia Linux mwaka 2001. Unafaa seva zenye mafaili makubwa. Unaweza kuupanua, lakini hauwezi kupunguzwa. Zana yake ni kali kuliko ya ext4: ikikuta mfumo mwingine hukataa kabisa, mpaka uilazimishe kwa -f.

*mkfs.vfat.* Hii hutengeneza FAT, ambayo husomwa na karibu kila kitu: Windows, televisheni, redio ya gari, mashine ya kupiga nakala. Lakini haina daftari la tahadhari, na faili moja haliwezi kufika GB 4. Kwaya zinaujua ugonjwa huu. Video ya sherehe ina GB 6, flashi ina GB 32 wazi, na bado kompyuta inakataa ikisema faili ni kubwa mno. Flashi haijaharibika, mfumo ndio mdogo. Tena mkfs.vfat itakataa kipande kinachotumika wakati huo, lakini haitakuuliza kama mna mfumo mwingine ndani. Hiyo ndiyo iliyotukuta.

*mkfs.exfat.* Huyu ni mdogo wa FAT aliyekuja mwaka 2006. Anabeba mafaili makubwa, anasomwa na Windows na Mac, na Linux imemjua ndani ya kiini chake tangu mwaka 2019. Naye hana daftari la tahadhari. Vifaa vya zamani havimjui, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kifaa chako.

*newfs.* Ya FreeBSD na ndugu zake, kwa mfumo wa UFS. Kwenye FreeBSD ukiongeza -j unapata daftari la tahadhari. Newfs ya FreeBSD haiulizi kama mna kitu; inaamini kwamba unajua unachofanya. Ya Solaris huuliza ndiyo au hapana. Kwa flashi ya FAT, FreeBSD ina newfs_msdos.

5. Hatari ya herufi moja

Hapa tunaomba msome pole pole, mkiweza kwa sauti.

Zana nyingi zina njia ya kujaribu bila kufanya. Zinakuonyesha zingetengeneza nini, halafu zinaacha diski kama ilivyo. Ni jambo zuri sana. Shida ni kwamba herufi ya kuomba hivyo haifanani:

- mke2fs na mkfs.ext4: -n ndogo ni kujaribu tu. Lakini -N kubwa ni kutaja idadi ya inodi, na kazi inafanyika kweli.
- newfs ya FreeBSD: -N kubwa ni kujaribu tu. Lakini -n ndogo inahusu mambo mengine, na kazi inafanyika kweli.
- mkfs.xfs: -N kubwa ni kujaribu tu.
- mkfs.vfat: -n ndogo ni kuipa diski jina, na kazi inafanyika kweli. Haina njia ya kujaribu.

Mnaona hatari ilivyo? Fundi aliyezoea mke2fs akikaa mbele ya FreeBSD, akaandika newfs -n akidhani anajaribu tu, ameshafuta. Na aliyezoea newfs -N akihamia Linux naye asidhani kwamba herufi hiyo ina maana ile ile kwa kila zana. Kwa hiyo kabla ya kutumia zana yoyote usiyoitumia kila wiki, andika man na jina lake, usome. Hakuna aibu. Dereva hodari naye huangalia breki kabla ya kushuka mlima.

6. Maswali 4 ya kuchagua

Usianze na swali la "zana gani ni bora?" Anza na haya:

*Swali la 1: Nani atasoma diski hii?* Kama ni kompyuta zetu za Linux pekee, chukua mkfs.ext4. Kama ni seva ya FreeBSD, newfs. Kama flashi itabebwa na bodaboda kwenda saiba ya mjini au kuvuka mpaka hadi Holili, basi exFAT au FAT, kwa sababu Windows ya kawaida haisomi ext4 wala UFS. Kipaza sauti cha kanisa kinachocheza nyimbo kutoka kwa flashi mara nyingi kinajua FAT peke yake.

*Swali la 2: Mafaili ni makubwa kiasi gani, na ni mangapi?* Video za GB nyingi zinaondoa FAT. Mafaili madogo madogo mengi, kama barua pepe zinazowekwa kila moja faili lake, yanahitaji inodi nyingi. Kwa kawaida mkfs.ext4 hutoa inodi 1 kwa kila baiti 16,384. Kipande cha GB 8 kwa hesabu hiyo kinapata inodi kama 524,288. Mafaili yakizidi hapo, utaambiwa diski imejaa na nafasi unaiona. Amri ya df -i itakuonyesha ukweli. Inodi za ext4 huamuliwa siku ya kwanza. Huwezi kuziongeza baadaye bila kupanua kipande chenyewe. Ukijua utakuwa na mafaili madogo mengi, andika mkfs.ext4 -T news, ambayo hutoa inodi 1 kwa baiti 4,096.

*Swali la 3: Stima ikikatika itakuwaje?* Kwa mahali kama kwetu hili siyo swali la pembeni. Daftari la kikundi lisikae kwenye FAT au exFAT kama makao yake ya kila siku. Likae kwenye ext4, XFS, au UFS yenye -j. Flashi iwe ya kusafirishia tu. Na hata daftari la tahadhari halibadilishi ukweli kwamba nakala ni lazima. Linalinda mpangilio, halilindi kila neno ulilokuwa unaandika.

*Swali la 4: Kuna nafasi iliyotengwa?* Mkfs.ext4 huacha asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi, na newfs ya FreeBSD huacha asilimia 8. Kwenye diski ya mfumo hiyo ni akiba nzuri. Kwenye diski ya GB 1,000 ya kuwekea nakala tu, asilimia 5 ni GB 50 zilizolala. Unaweza kuandika mkfs.ext4 -m 1, ukabakiza asilimia 1.

7. Hatua za usalama

Baada ya yaliyotupata tulibandika karatasi ukutani. Inasema hivi:

1. Chomoa kila diski isiyohusika. Diski ambayo haijachomekwa haiwezi kufutwa.

2. Andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,LABEL,FSTYPE,MOUNTPOINT kabla ya kuchomeka diski, kisha tena baada ya kuichomeka. Mstari ulioongezeka ndio diski yako. Kwenye FreeBSD tumia geom disk list na gpart show.

3. Usiamini sdb. Majina hayo yanaweza kubadilika kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Andika ls -l /dev/disk/by-id uone majina yenye aina na namba ya kiwanda ya diski. Hayo yanafuata diski yenyewe. Linganisha namba na ile iliyobandikwa kwenye kava la diski, kisha tumia jina hilo refu katika amri yako.

4. Fungua kwanza uone ndani, kwa kusoma tu: mount -o ro. Ukikuta mafaili ya mtu, simama.

5. Jaribu bila kufanya kwa herufi inayofaa zana yako. Angalia ukubwa unaotajwa. Kama ulitegemea GB 32 na unaona GB 1,000, umekosea mlango.

6. Watu wawe 2. Mmoja aandike, mwingine asome amri kwa sauti kabla Enter haijabonyezwa.

7. Ipe diski lebo. Kwa ext4, xfs na newfs ni -L. Kwa vfat ni -n, isizidi herufi 11, na ziwe herufi kubwa. Diski yenye lebo MFEREJI inajitetea yenyewe pale zana inapouliza.

8. Ukiiandika katika /etc/fstab, tumia lebo au UUID, usitumie sdb.

Na stima ikikatika katikati ya kazi? Anza tena kutoka hatua ya 1, wala usiendelee ulipoishia.

8. Zoezi lisilo na hatari

Zoezi hili halihitaji diski yoyote. Tunatengeneza faili la kawaida na kulichukulia kama shamba. Halihitaji hata uwezo wa msimamizi. Kompyuta ikisema haijui amri, tanguliza /usr/sbin/ mbele ya jina.

(a) Andika: truncate -s 100M shamba.img

(b) Andika: mke2fs -n -t ext4 shamba.img. Soma idadi ya inodi na ya mabloku. Bado hakuna kilichofanyika.

(c) Andika: mkfs.ext4 -L MFEREJI shamba.img. Sasa mfumo upo.

(d) Andika mkfs.ext4 shamba.img tena. Utaulizwa, na lebo ya MFEREJI utaiona. Bonyeza Enter ukatae.

(e) Andika: mkfs.vfat shamba.img. Hakuna swali. Mfumo wa ext4 umekwenda.

Vijana wetu wote hufanya zoezi hili siku ya kwanza. Hatua ya (e) inafundisha kuliko maneno yetu yote.

9. Ukiwa umeshakosea

Usiandike kitu kingine chochote kwenye diski hiyo. Ichomoe. Chukua diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, tengeneza sura kamili ya ile iliyoharibika kwa ddrescue, halafu fanya majaribio kwenye sura hiyo tu.

Kama ilikuwa ext4, huenda nakala za supabloku zimebaki. Kwa mabloku ya baiti 4,096 ziko kwenye bloku 32768, 98304 na kuendelea. Fundi anaweza kujaribu e2fsck -b na namba hizo, moja baada ya nyingine. Ikishindikana kuna PhotoRec, ambayo huokota picha na nyaraka ardhini bila kujali daftari. Sisi ndiyo tuliyotumia. Picha nyingi zilirudi, lakini zilirudi bila majina, na daftari la hesabu halikurudi likiwa zima.

Onyo moja: kwa diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, yaani SSD, mkfs.ext4 na mkfs.xfs kwa kawaida huiambia diski itupe yaliyomo. Hapo uwezekano wa kuokota kitu ni mdogo mno. Basi kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kumbukumbu za kikundi chetu ziko kwenye diski ngapi? Nani amejaribu kuifungua nakala mwezi huu?

2. Kwaya ina video ya GB 7 ya kupeleka Voi ikachezwe kwenye kompyuta ya Windows. Mtatumia mfumo gani, na kwa nini siyo FAT wala ext4?

3. Fundi mgeni amekuja kusaidia, naye anaandika newfs kwenye kompyuta yenu na haikubali. Mtamweleza nini?

4. Je, kikundi chetu kina mtu anayeandika bado kwenye daftari la karatasi? Tumwambie aache, au tumnunulie kalamu?

Swali hilo la mwisho sisi tulishalijibu. Mweka hazina wetu wa zamani hupewa daftari jipya kila mwanzo wa msimu, na kila Jumamosi baada ya soko hukaa na kijana wa kompyuta wakalinganisha, mstari kwa mstari. Yule mama wa misimu 3 huja kusimama nyuma yao, aone jina lake limeandikwa mara 2.